Njiwa Wana Mwenyewe, Vumbi Je?

Hoja ni fupi: katika nyumba za kupanga za Mtoni, ambako vyumba sita hugawana ua mmoja, bomba moja na choo kimoja, ndege wa kufugwa waondolewe kwa kuwa wanaambukiza watu maradhi. Wasemaji nimewatunga: mpangaji, kijana mfuga njiwa, Sista ambaye ni muuguzi, Bwana Mifugo na Bibi. Maneno yao utayasikia Mtongani, Kwa Azizi Ali na kote kunakoteremkia Mto Kizinga, na habari za tiba na historia wanazozitaja si za kutunga. Baraza ni la Bibi mwenye nyumba; kasuku wake yuko kwenye tundu juu ya kiti chake. Nikishindwa kunyamaza nitaingia kati.

MPANGAJI: Shikamoo Bibi. Mie sikuja kwa ugomvi.

BIBI: Marahaba mwanangu. Mtu akianza na hilo, najua ugomvi uko mlangoni unavua viatu.

MPANGAJI: Basi niseme. Mwanangu ana miaka minne, anakohoa wiki ya tatu sasa. Dirisha langu linatazamana na banda la njiwa. Kila asubuhi huyu kijana anapanda na fagio la chelewa, anafagia mavi makavu, na vumbi lote linakuja kwangu. Linatua kwenye chandarua, kwenye sufuria, kwenye kanga nilizoanika. Nataka njiwa waondoke. Na kama sheria ni moja kwa wote, hata kasuku.

BIBI: Ewaa. Nilijua tutafika huku.

MFUGA NJIWA: Dada, njiwa wale ndio kodi yangu ya chumba. Makinda nauza, na wale weupe wenye mkia wa tausi watu wanakuja kuwafuata mpaka kutoka Kigamboni. Hilo vumbi unalolisema, nusu yake ni la Barabara ya Kilwa. Na jiko la mkaa unalowasha koridoni je? Kikohozi hakina jina la mtu.

SISTA: Hapo kijana amesema kweli moja. Moshi wa mkaa unaumiza vifua vya watoto kuliko njiwa wengi. Lakini tuanze na mtoto kwanza, ndege baadaye. Wiki ya tatu umesema? Kikohozi kikifika wiki mbili mtoto anatakiwa apimwe kifua kikuu. Amepimwa?

MPANGAJI: Amepimwa malaria. Hana. Wakampa dawa ya maji ya kifua na panadoli.

SISTA: Na waliomtibu waliambiwa kwamba kuna njiwa dirishani?

MPANGAJI: Hawakuniuliza, sista. Mimi ningejuaje kama ni jambo la kusema?

Hapa naingia, maana swali hili ndilo ninaloliona zito kuliko yote yatakayofuata. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliofanyika Moshi. Wagonjwa 870 waliolazwa na homa katika hospitali mbili walichunguzwa upya kwa vipimo vya maabara. Kati yao 528 walikuwa wameambiwa wana malaria. Waliokuwa nayo kweli ni 14. Na miongoni mwa waliopimwa bakteria watokao kwa wanyama, zaidi ya robo walikutwa nao: homa ya mgunda, ile iliyokuja kuwatisha watu wa Lindi mwaka 2022, pamoja na bruselosi na nyinginezo. Utafiti ule haukuhusu ndege. Ninachokichukua humo ni tabia yetu: homa ikija, tunauliza habari za mbu tu. Nani anamuuliza mgonjwa wa homa anaishi na mnyama gani, analala karibu na banda la nani, jana alifagia nini?

MFUGA NJIWA: Sawa, tuseme wameuliza. Njiwa anampa mtu ugonjwa gani? Mimi nimekua nao tangu darasa la pili, sijawahi kulazwa.

BWANA MIFUGO: Upo mmoja unaitwa sitakosisi, wengine huuita homa ya kasuku. Unaletwa na bakteria wa jamii ya klamidia.

BIBI: Klamidia? Ile ya...?

BWANA MIFUGO: Ukoo mmoja, Bibi, nyumba mbalimbali. Huyu wa ndege hapiti njia ile. Anakaa kwenye mavi, kwenye kamasi na kwenye unga wa manyoya. Vikikauka vikapeperuka, mtu anavuta. Siku tano mpaka wiki mbili baadaye anapata homa, kichwa kinamgonga, misuli inauma, kikohozi kikavu. Ubaya wake, ndege mwenyewe anaweza kuwa mzima kabisa, anakula, anaimba. Anaanza kumwaga bakteria akisumbuliwa: akisafirishwa, akibanwa na wenzake, akishikwa na njaa.

SISTA: Na dawa yake ipo, doksisaiklini, haina gharama kubwa. Ila ukimpa mgonjwa huyu amoksilini kwa kudhani ni kichomi cha kawaida, unaweza kuzunguka naye wiki nzima hajapona. Ndiyo maana nauliza habari za njiwa. Jibu linaweza kubadilisha dawa. Na mama mjamzito ndiye wa kuangaliwa zaidi, maana kwake ugonjwa huu huwa mkali.

MFUGA NJIWA: Haya mambo ya Wazungu na makasuku yao.

BWANA MIFUGO: Yalianzia kujulikana huko, ni kweli. Krismasi ya 1929, mji wa Annapolis kule Marekani, mwanamume alimnunulia mkewe kasuku wa zawadi. Kasuku akafa, watu wa nyumba wakaugua, na daktari mwanzoni akadhani ni taifodi. Kumbe makasuku waliotoka Amerika ya Kusini walikuwa wamesambaza ugonjwa katika miji mingi, kule na Ulaya. Januari 1930 Rais Hoover akapiga marufuku kuwaingiza nchini. Katika maabara ya serikali pale Washington waliojaribu kuuchunguza waliugua mmoja baada ya mwingine, na fundi mmoja wa maabara akafa. Wengine hata tundu la kasuku hawakuwa wamelishika. Walikuwa kwenye jengo tu.

MPANGAJI: Mnasikia? Kwenye jengo tu!

SISTA: Na msiseme ni hadithi za kale. Machi 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ugonjwa huu umeongezeka katika nchi tano za Ulaya, na watu watano walikuwa wamefariki. Kule wanaupima ndiyo maana wanauona.

Mpangaji ameshinda raundi hii, na mfuga njiwa analijua hilo. Anatazama banda lake kama mtu aliyeambiwa ndugu yake amekamatwa. Lakini tazama kilichofanyika: tumetoka kwenye kikohozi cha mtoto mmoja ambacho hakijajulikana chanzo, tukaruka mpaka Washington. Ndivyo hofu inavyosafiri. Bwana Mifugo anajua, na safari hii anageuka kumtetea kijana.

BWANA MIFUGO: Ila dada, kuondoa ndege siyo kuondoa ugonjwa. Mnakumbuka Namanga, Oktoba 2017? Vifaranga 6,400 walioingizwa kutoka Kenya walichomwa moto kwa hofu ya mafua ya ndege. Januari mwaka ule Uganda walikuwa wameyathibitisha kwenye fukwe za Ziwa Viktoria; walianza kufa ndege wa porini, kisha kuku na bata. Zuio la mpakani lilikuwa na sababu zake. Lakini aina ile ya virusi, H5N8, wakati huo ilikuwa haijajulikana kumpata binadamu hata mmoja. Moto ule ulionekana kwenye televisheni nchi nzima. Niambieni, baada ya kuuona, nani hapa Mtoni alinunua barakoa ya kusafishia banda?

BIBI: Hakuna. Tuliwaonea huruma vifaranga tukazima televisheni.

BWANA MIFUGO: Na Ulaya nao. Oktoba 2005 ndege waliokuwa karantini huko Essex, Uingereza, walikutwa na H5N1. Ulaya ikafunga mlango kwa ndege wa porini, na tangu Julai 2007 imefungwa moja kwa moja. Sisi tulikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa. Wale kasuku wadogo wa Fischer, wa huko Serengeti na kusini ya Ziwa Viktoria, walisafirishwa kwa maelfu kwa maelfu. Kisha 2016 serikali yetu nayo ikasimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai. Sawasawa. Lakini ndege aliyeko tayari ndani ya nyumba hakuna mpaka unaomzuia.

MPANGAJI: Kwa hiyo mimi nifanyeje? Nihame?

Swali la haki hilo, na ndilo linalonifanya nisikubaliane na wafugaji wengi ninaowasikia. Wao hujibu kwa kusema “mimi mbona siumwi”. Aliyechagua kufuga amechagua pia hatari yake, na huenda mapafu yake yamezoea. Njiwa wana mwenyewe: ana jina, anawalisha, anakula faida. Vumbi halina mwenyewe. Linaingia kwa mwenye dirisha lililo wazi, na mara nyingi huyo ndiye asiyekuwa na sauti kwenye nyumba. Ukilitazama jambo hili kama ugomvi wa watu na ndege utatafuta ndege wa kumfukuza. Mimi nalitazama kama deni la mfugaji kwa jirani.

Na mapafu “kuzoea” nalo lina kikomo. Wapo wafuga njiwa wanaobanwa kifua saa chache baada ya kusafisha banda, wanapata homa na uchovu, usiku unapita, asubuhi wako sawa, wiki ijayo tena. Hapo hakuna kijidudu. Ni mwili kuchukia unga wa manyoya na mavi, na ikiendelea miaka mapafu yanakakamaa. Dawa ya vijidudu haiwafai kitu.

SISTA: Kuna jingine sijalisema, na nalisema kwa adabu maana sijui nani humu anatumia dawa, wala sitaki kujua. Mavi ya njiwa hukaliwa na fangasi inayoitwa kriptokokasi. Mtu mwenye kinga nzima anaivuta na haimfanyi lolote. Mwenye virusi vya Ukimwi ambaye kinga imeshuka sana, inampanda kichwani. Kichwa kinauma siku nyingi, shingo inakaza, macho hayataki mwanga. Inaua.

MFUGA NJIWA: Haya, sasa kweli mnataka niwachinje.

SISTA: Hapana, ngoja. Fangasi ile iko pia kwenye udongo na kwenye miti, hivyo hata ukiwachinja wote haitaondoka Temeke. Kinachookoa ni kupima mapema. Mwaka 2015 ulitoka utafiti uliofanyika hapa Dar es Salaam na Lusaka, ukiongozwa na Sayoki Mfinanga wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Waliokuwa wanaanza dawa kinga ikiwa chini walipimwa fangasi hii kwenye damu, na katika wiki za mwanzo wakatembelewa nyumbani. Vifo vilipungua kwa asilimia 28. Kwa hiyo anayetumia dawa asiogope njiwa wa jirani mpaka akahama. Aende kliniki, aulize kinga yake ikoje. Ila kusafisha banda asisafishe yeye.

BIBI: Na asiyejua kama anatakiwa kutumia au la?

SISTA: Huyo ndiye ninayemwogopa mimi, Bibi. Zaidi ya njiwa.

Kimya kidogo. Kisha Sista akaomba dumu la lita tano na msumari. Alitoboa kifuniko matundu kama kumi, akajaza maji, akampa kijana, akamwambia apande bandani kama afanyavyo kila siku lakini fagio aliache chini. Kijana akanyunyiza. Mavi yaliyokuwa meupe na makavu kama chokaa yakageuka kijani kibichi, yakalainika. Akayakwangua kwa kipande cha bati, yakadondoka kwenye gunia yakiwa mazito, pu, pu. Mpangaji alikuwa amesimama dirishani kwake. Halikuja kitu.

SISTA: Ndiyo hiyo. Lowesha, subiri kidogo, kwangua, tia kwenye mfuko, funga. Barakoa na kitambaa cha kichwa. Jiki inakuja mwisho, nusu kikombe kwa lita nne za maji, kwa sababu juu ya mavi haifanyi kazi. Kisha mikono kwa sabuni. Na usisubiri Jumamosi yakawa mlima.

MFUGA NJIWA: Hii tu?

SISTA: Hii karibu yote. Lakini jana nilikuona unamlisha kinda kwa mdomo.

MFUGA NJIWA: Mama yake alichukuliwa na mwewe, sista. Unashika maji mdomoni, unamtia mdomo wake kwenye wako, anafyonza. Wote tunafanya hivyo.

BWANA MIFUGO: Mwaka 2004 huko Thailand, wakati wa mafua ya ndege, alifariki kijana aliyekuwa akifuga majogoo ya kupigana. Jogoo akiumia, alikuwa akimfyonza kamasi kwa mdomo wake. Tafuta bomba la sindano, toa sindano, mlishe kwa hilo. Duka la dawa lolote wanauza.

BIBI: Na mimi nikimpa kasuku wangu karanga mdomoni?

BWANA MIFUGO: Nawe pia, Bibi. Na kwa kuwa umemtaja mwenyewe: wa kijivu, mkia mwekundu, huyu ni wa misitu ya Kongo. Kibali anacho?

BIBI: Ameachwa na marehemu babu yenu.

BWANA MIFUGO: Marehemu aliacha na kibali?

BIBI: Bwana Mifugo, chai yako inapoa.

Nacheka, lakini kibali hiki si ukorofi wa serikali tu. Kasuku wa kijivu haruhusiwi kuuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine kwa biashara akiwa ametoka porini. Uamuzi ulipitishwa Johannesburg 2016 na kuanza kazi Januari 2017. Anayepitishwa kwa siri husafiri gizani, amebanwa, ana kiu. Ndiye hasa ndege ambaye Bwana Mifugo amemweleza hapo juu, anayemwaga bakteria akiwa bado anaonekana mzuri. Ukiuziwa kasuku kwa bei ya kutupa kwenye kituo cha daladala, umeuziwa na safari yake. Huyu wa Bibi ni mzee wa miaka mingi, hajakutana na ndege mgeni, na kwa hakika ananitia wasiwasi mdogo kuliko njiwa wapya ambao kijana huwachanganya na wa zamani siku hiyohiyo anapowaleta.

BWANA MIFUGO: Hilo la kuchanganya liache kabisa. Ndege mgeni akae tundu lake mwezi mzima, mbali, alishwe wa mwisho. Akikunja shingo, akizunguka kama amelewa, huo waweza kuwa mdondo wa njiwa, na kuku wa jirani watafuata. Virusi vya mdondo mtu havimlazi, lakini vinaweza kumpa macho mekundu. Kwa kuku chanjo ipo, tena ya hapahapa. TEMEVAC, jina lenyewe limebeba Temeke. Tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu. Na wakifa wengi kwa pamoja usiwatupe Mto Kizinga, na usiwale. Maabara Kuu ya Veterinari iko Temeke hiihii. Mweke aliyekufa kwenye mifuko miwili, usimshike kwa mkono mtupu, nipigie simu.

MPANGAJI: Mmesema vumbi, mmesema midomo. Maji je? Mvua ikinyesha tunakinga kwenye simtanki kutoka bati lile lile wanalolala njiwa. Tunapikia, tunapigia mswaki.

Hapa hakuna aliyejibu haraka, na kwa sababu nzuri. Kwenye mavi ya ndege hukaa pia salmonela na wenzake wa kuhara, na mvua ya kwanza baada ya kiangazi huosha bati lote kuingia kwenye tanki. Nimesikia watu wakigombana juu ya vumbi la njiwa huku wamekaa juu ya ndoo iliyojazwa kwa maji ya paa hilo. Ningekuwa mwenyekiti wa mtaa ningeanza na mfereji wa bati, kabla ya dirisha.

SISTA: Mvua ya kwanza imwageni. Toeni bomba la tanki, bati lioshwe dakika kadhaa, ndipo mrudishe. Ya kunywa ichemshwe, bila mjadala. Na mavi yakijaa kwenye mfereji, mfuga njiwa ndiye anayepanda.

MFUGA NJIWA: Nitapanda. Na kunyunyiza nitanyunyiza. Lakini kuondoka hapana.

MPANGAJI: Mimi bado nataka banda litoke dirishani kwangu. Ukisafiri wewe, nani atanyunyiza? Mdogo wako? Yule atachukua fagio.

BIBI: Kweli hiyo. Mjukuu wangu, banda lihamie kule mwisho, karibu na ukuta wa choo. Mbao nitatoa mimi, fundi utamlipa wewe. Na wewe mama, kesho asubuhi mpeleke mtoto apimwe hicho kifua kikuu, na mwambie daktari habari ya njiwa hata asipokuuliza.

MPANGAJI: Nitampeleka.

MFUGA NJIWA: Kule mwisho sawa. Lakini Bibi, kule kuna dirisha la yule wa chumba namba sita.

SISTA: Yule dada mjamzito? Mmemuuliza?

BIBI: Hayupo. Anatoka alfajiri, anarudi usiku.